Macho ya Kulwa yanavimba kila asubuhi: ni aleji ya samaki au ni figo?

Mama Kulwa (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, nivumilieni, naandika watoto wamelala.

Nina mapacha wa kiume wa miaka minne, Kulwa na Doto, tupo Igoma, Mwanza. Hawafanani kabisa, mpaka watu huniuliza kama ni pacha kweli. Doto ndiye aliyenifundisha neno aleji. Akiwa na mwaka na nusu nilimpa uji wa lishe wa kununua, ule mchanganyiko, kumbe ndani mna karanga. Kikombe hakukimaliza. Midomo ikafura kama kaumwa na nyuki, vipele mwili mzima, anajikuna, akatapika, kifua kikaanza kupiga filimbi. Tulipanda bodaboda nikiwa na kanga tu. Akachomwa sindano ya paja, baada ya dakika chache akafungua macho akaomba maji. Tangu siku hiyo karanga haziingii kwangu.

Sasa Mei mwaka huu Kulwa akaamka kope zimejaa, macho yanafunguka kwa shida. Nikasema haya, na huyu naye. Nikampa Piriton ya maji, dawa ya aleji iliyokuwa ya ndugu yake. Kufika saa sita mchana macho yako sawa, nikajiona daktari. Kesho yake asubuhi yamevimba tena. Nikaenda zahanati fulani (sitaji jina), wakauliza jana alikula nini. Dagaa. Basi ni dagaa. Wakaandika setirizini na kuniambia nimwachishe dagaa, mayai na maziwa. Wiki tatu mtoto anakula ugali na mchicha mkavu, na macho yanavimba vilevile. Nguo zikaanza kumbana, nami nikafurahi kwamba ananenepa! Hilo linaniuma mpaka leo. Kaptula ilikuwa inaacha alama kiunoni, viatu vya Jumapili haviingii, na kwenye poti mkojo una povu kama la sabuni, linakaa na haliondoki.

Jirani yangu ni nesi mstaafu. Alikuja kuazima ungo, akamtazama Kulwa, akamwita, akambonyeza ugoko kwa dole gumba akahesabu kimya kimya. Alipoachia, shimo likabaki. Hakuuliza alikula nini. Aliuliza kama mtoto amepimwa mkojo. Hakuna aliyekuwa amempima mkojo.

Mkojo ukakutwa na protini yenye alama tatu za kujumlisha. Tukapewa rufaa, tukalazwa hospitali ya Bugando siku tisa. Albumini, protini ya kwenye damu, ilikuwa 14, wakaniambia ya kawaida inaanzia kama 35. Jina la ugonjwa: sindromu ya nefrotiki. Prednisoloni vidonge sita vya miligramu 5 kila asubuhi. Siku ya 11 mkojo ukawa safi, na uzito ulishuka kutoka kilo 19 hadi 15. Kilo nne zote zilikuwa maji, na mimi nilikuwa nawasimulia watu kanisani kwamba mwanangu kanawiri.

Kilichonileta ni hiki. Dawa tulimaliza mwezi wa tisa. Wiki iliyopita akapata mafua, na Jumamosi tukavuka daraja la Busisi kwenda arusini Sengerema, akala sangara. Jumatatu macho yakarudi. Mama mkwe kashikilia ni sangara. Shangazi yao katuma sauti ya dakika saba: niondoe samaki, mayai, maziwa na ngano, eti aleji ndiyo inayotoboa figo. Mume wangu kakaa katikati kama refa. Karanga tayari zimepigwa marufuku kwa ajili ya Doto, na kisamvu kwetu hakipikwi bila karanga. Nikiondoa na hivyo vingine nitawapikia nini?

Naomba mwenye kujua: ni kweli chakula kinaamsha figo?

Mzee wa Mwaloni

Pole sana mama. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba tangu ujana, wajukuu zangu wamekulia juu ya magunia. Kila mtoto akivimba mtu anakuja kunilaumu mimi. Kuna mmoja alinirudishia ndoo nzima, kumbe mtoto ana matumbwitumbwi.

Ila swali langu ni moja. Hao pacha si wanakula sufuria moja? Doto alikula sangara wa arusi? Macho yake vipi?

Mama Kulwa

Shikamoo mzee. Doto alikula sangara kuliko hata Kulwa. Hajavimba. Mama mkwe anasema kila mtoto na damu yake.

Kisiwa cha Nansio

Dada yangu usihangaike na hospitali. Mwanangu alivimba hivyo hivyo, kuna mzee huku Ukerewe alimpa mizizi ya kuchemsha siku saba, akakojoa maji yote. Prednisoloni ni sumu, inamvimbisha mtoto uso na kumdumaza. Achana nayo leo leo.

Tabibu wa wodi ya watoto

Naomba nianze na aliyetangulia maana hapo pana hatari ya haraka. Mama Kulwa, kama mtoto amesharudishiwa prednisoloni, USIIKATE GHAFLA. Mwili ukizoea kupewa dawa hii kwa wiki nyingi, tezi zilizo juu ya figo hulala, zinaacha kutengeneza homoni yake zenyewe. Ukikata siku moja mtoto anaweza kulegea, kutapika na presha kushuka. Hupunguzwa kwa utaratibu wa daktari. Na mizizi ya kuchemsha: mpaka sasa figo za Kulwa zinavuja tu, bado zinafanya kazi. Wapo watoto tunaowapokea figo zimezimika kabisa baada ya dawa ya kunywa isiyojulikana kipimo wala asili yake. Mtoto wa Nansio namshukuru Mungu amepona. Ila uvimbe una sababu nyingi, na wewe wa Nansio hujatuambia mkojo wa mwanao ulionyesha nini.

Sasa turudi kwenye swali. Wewe ni mtu wa ziwani, nitasema kwa nyavu. Wavu wa sangara unaacha maji yapite na dagaa wapite, sangara anabaki. Kichujio cha figo kiko hivyo: maji na taka vinapita, protini kubwa kama albumini inabaki kwenye damu. Kwa Kulwa macho ya wavu yamelegea, albumini inapita na kuishia kwenye poti, ndiyo lile povu. Albumini ndiyo inayoyashika maji ndani ya mishipa. Ikipungua, maji yanatoka na kujaa chini ya ngozi. Usiku mtoto kalala, yanatulia usoni, kwenye kope maana ngozi pale ni nyembamba. Akiamka akakimbia na kucheza yanateremka miguuni. Kwa hiyo ile Piriton haikufanya lolote, mama. Saa sita mchana macho yangekuwa nafuu hata kama ungempa maji ya bomba.

Na hapo ndipo zahanati nyingi hukosea, hapa kwetu na hata nchi zilizoendelea. Mtoto mwenye macho yaliyovimba asubuhi huandikiwa dawa ya mzio (ndiyo hiyo aleji) kwanza, na wengine hupitisha wiki kadhaa hivyo. Wewe ulikuwa na sababu ya ziada, ulishauona mzio wa kweli kwa Doto. Hebu vilinganishe. Wa Doto ulikuja ndani ya dakika, ukiwa na mwasho, vipele, kutapika na kifua. Mzio wa chakula ndivyo ulivyo, mara nyingi ndani ya saa mbili tangu kula, na uvimbe wake huisha ndani ya siku moja au mbili. Wa Kulwa hauwashi, hauna kipele, unarudi kila asubuhi hata akila ugali mtupu, na ukibonyeza unaacha shimo. Huyo jirani yako nesi namvulia kofia.

Kuvimba miguu na kuacha shimo kunatokea pia kwa kwashakoo, na baada ya vidonda vya ngozi au koo kunatokea ugonjwa mwingine wa figo ambao mkojo unakuwa mweusi kama soda na presha inapanda. Kipimo cha mkojo ndicho kinachoanza kuzitenganisha hizi njia. Ni cha bei ndogo na majibu hayachukui hata dakika tano.

Baba wa Buzuruga

Daktari, heshima yako. Ila mimi nimesoma mtandaoni kwamba kuna watoto wa Ulaya na Marekani waliachishwa maziwa na ngano na protini ikaisha kwenye mkojo. Mbona hospitali hawatuambii? Au ni biashara ya dawa?

Tabibu wa wodi ya watoto

Biashara ya prednisoloni mzee? Ni kati ya vidonge vya bei rahisi kabisa kwenye duka la dawa. Hapo kampuni zingekuwa zimefilisika.

Lakini ulichosoma kipo, na shangazi wa hao pacha hakukitunga. Madaktari waligundua zamani kwamba watoto wenye sindromu ya nefrotiki huwa na pumu, ukurutu na mafua ya mzio kuliko watoto wengine. Mwaka 1977 jarida la Lancet lilichapisha habari za watoto wachache ambao protini ilipungua walipoondolewa maziwa ya ng'ombe. Baadaye wengine wakajaribu kuondoa gluteni, protini ya ngano. Tatizo ni kwamba waliojaribiwa ni wachache sana, wengi walikuwa wanaendelea na dawa, na ugonjwa wenyewe hutulia na kurudi kwa nyakati zake. Ukiondoa maziwa wiki ambayo ulikuwa utulie tu, maziwa yatabeba lawama milele. Miongozo ya kimataifa ya magonjwa ya figo, ya KDIGO ya mwaka 2021, inaanzia kwenye prednisoloni, na katika kila watoto 10 wa umri huu, wanane mpaka tisa huitikia.

Kuna mtego mwingine. Watoto hawa kipimo cha damu cha kingamwili ya mzio, IgE, mara nyingi kinasoma juu hata kama hakuna chakula kinachowadhuru. Mtu akikufanyia kipimo hicho akakupa orodha ya vyakula 15 vya kuacha, muulize kwanza mtoto alipata nini alipovila.

Kilichomwamsha Kulwa safari hii nadhani umekiandika mwenyewe na kukipita haraka: mafua. Hicho ndicho kichokozi kinachojulikana zaidi cha ugonjwa kurudi. Sangara alikuwa jirani wa tukio tu. Na kurudi kwenyewe kusikuvunje moyo, watoto saba au wanane kati ya 10 walioitikia dawa hurudiwa angalau mara moja, na wengi huachana nao kabisa kuelekea ujana.

Mzee wa Mwaloni

Sangara ameachiwa huru kwa kukosa ushahidi 😂

Tabibu wa wodi ya watoto

Kwa masharti, mzee. Chumvi! Mtoto akiwa amevimba, chumvi inashika maji. Kwa hiyo kayabo, samaki wa chumvi, hapana, dagaa wa kukaanga wenye chumvi hapana, chipsi za barabarani na viungo vya pakiti hapana. Sato au sangara mbichi wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu bila chumvi, ruksa. Dagaa wa kuanika wasiotiwa chumvi, osha mchanga, pika. Na usimshindilie mayai matano kwa siku eti kufidia protini inayotoka, kiasi cha kawaida cha umri wake kinatosha.

Nikuulize, hizo wiki tatu za ugali na mchicha mkavu, mtoto anayepoteza protini kwenye mkojo alikuwa anaipata wapi nyingine?

Mama Kulwa

Daktari hapo umenichoma. Baada ya maji kutoka ndiyo niliona mikono yake ilivyokuwa. Mikono kama ya mtoto wa miaka miwili.

Fundi wa maabara, Nyakato

Mama Kulwa nunua kopo la stripu za mkojo uwe unapima mwenyewe nyumbani. Mambo ambayo watu hawaambiwi: tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chovya, kung'uta, subiri sekunde zilizoandikwa kwenye kopo, soma penye mwanga wa nje, usisome chini ya taa ya njano. Kopo lifungwe muda wote, joto na unyevu wa huku ziwani vinaharibu stripu halafu inakudanganya. Angalia tarehe. Kuna watu wanauziwa stripu mojamoja kwenye karatasi ya daftari, hizo usichukue.

Andika kila siku kwenye daftari: tarehe, protini, uzito, dawa aliyokunywa, na kama ana homa au mafua. Tatu za kujumlisha siku tatu mfululizo, ugonjwa umerudi, nenda kliniki hata kama hajavimba. Hasi au chembe tu siku tatu mfululizo, umetulia. Ukiwa na daftari hilo miezi sita, mama mkwe atasoma mwenyewe kama sangara anahusika.

Mvuvi mstaafu

Na kichocho je? Huku mwaloni watoto wanaogelea kutwa. Mimi nilikojoa damu utotoni Misungwi, nikapewa praziquantel.

Fundi wa maabara, Nyakato

Swali zuri. Kichocho cha mkojo kinatoa damu, na huwa zaidi kwenye madimbwi na mabwawa ya bara kama huko kwenu. Cha ufukweni mwa ziwa kwa kawaida kinakaa kwenye utumbo na ini, tumbo linaweza kujaa pia. Vipimo vyake ni vingine, choo na mkojo kwa darubini. Mtoto wa huku anayeanza prednisoloni ni vizuri kuuliza kuhusu minyoo, maana dawa hiyo inashusha kinga.

Mama Neema, Pasiansi

Nimekuja kuchelewa lakini mimi ni mwenzio. Wangu yuko darasa la tatu, amerudiwa mara nne. Nikuandae dada: prednisoloni italeta njaa usiyowahi kuiona. Neema aliamka saa nane usiku nikamkuta jikoni anakula kiporo cha ugali gizani, kwa mkono, bila mboga. Ficha chumvi. Nunua matango na matikiti. Atakuwa na hasira, atalia kwa sababu umekata ndizi badala ya kuimenya. Uso utakuwa duara na watu watakuambia amependeza. Vyote hivyo hupungua dozi ikishuka. Mpe asubuhi baada ya kula, tumbo lisiume na usiku alale.

Mwalimu wa chekechea umwambie mapema. Kukiwa na tetekuwanga au surua shuleni uambiwe siku hiyohiyo, uende hospitali kabla hajaugua. Chanjo zenye virusi hai asipewe akiwa kwenye dozi kubwa mpaka daktari aseme. Homa na maumivu ya tumbo usisubiri asubuhi. Mimi nilisubiri, maji ya tumboni yalikuwa yameingia bakteria, tukakaa wodini wiki tatu.

Na dawa za maumivu kama diklofena au ibuprofeni usimpe, parasetamoli tu.

Shangazi mtu

Nimeonyeshwa huu uzi. Mimi ndiye wa sauti ya dakika saba. Sikuwa na nia mbaya. Basi mpeni maziwa ya mbuzi, hayana aleji.

Tabibu wa wodi ya watoto

Shangazi karibu, na umetusaidia maana wengi wanawaza hivyo. Mtoto mwenye mzio wa kweli wa maziwa ya ng'ombe mara nyingi humdhuru na ya mbuzi, protini zake zinafanana sana. Kulwa hana mzio wa maziwa, anywe ya ng'ombe. Mwenye mzio nyumbani humo ni mmoja, ni Doto, na karanga zake ni za kuogopwa kweli. Mama Kulwa, Piriton inatuliza mwasho tu. Akikohoa, kifua kikipiga filimbi au akilegea baada ya kugusa karanga, huyo ni wa sindano ya adrenalini, kimbia kituo chenye sindano kilicho karibu. Jua leo kiko wapi na kama usiku kinafungwa.

Mama Kulwa

Wakuu narudi baada ya wiki mbili.

Tulienda kliniki siku ile ile, akarudishiwa vidonge sita. Daftari liko ukutani jikoni limefungwa kwa uzi wa nyavu, kazi ya baba yao. Siku ya tisa protini chembe, ya kumi hasi, ya kumi na moja hasi, ya kumi na mbili hasi. Siku hizo zote alikula sato mara nne na yai kila asubuhi. Mama mkwe ndiye anayeshika stripu siku hizi, anaivaa miwani anaitoa nje juani, hataki mtu asome kabla yake. Kuhusu sangara hajasema kitu. Jana alinunua mmoja mwenyewe, akampika bila chumvi, akalalamika hana ladha.

Nina swali moja limebaki, la Doto. Nasaga mwenyewe unga wa uji siku hizi, mahindi, mtama na soya, karanga hakuna. Lakini juzi alitoka vipele mdomoni tena, vichache. Nilipokwenda mashineni nikakuta mama mmoja mbele yangu anasaga karanga za mboga kwenye mashine ileile.

Mzee wa Mwaloni

Mwambie kijana wa mashine apitishe kwanza pumba debe moja, hizo za mwanzo ziende kwa kuku. Au nenda alfajiri anapofungua, akishaifagia, uwe wa kwanza.

Tabibu wa wodi ya watoto

Hata debe la pumba halisafishi kila kona, mzee, na huyu kifua chake kilishawahi kubana. Mashine isiyosaga karanga kabisa, au kinu chako cha nyumbani.

Mama Kulwa

Kinu kipo kwa jirani, yule nesi. Nitakwenda kukiazima, nirudishe na ungo wangu, bado yuko nao.